Mfalme Ardomir Alivyonyimwa Uungu

Benchi letu halina egemeo. Liling'olewa zamani, hakuna anayejua na nani, kwa hiyo ukikaa hapa ama unajitegemea mwenyewe ama unamwegemea jirani. Liko mbele ya duka langu, nyuma ya Soko la Wanawake, hapa Sofia. Duka lenyewe liko chini ya jengo, kwenye ghala. Dirisha lake linaishia magotini pa mpita njia, na mteja akitaka sigara au kahawa sharti achuchumae. Mimi niko ndani, naona viatu tu, na kwa viatu nawajua watu wote wa mtaa huu. Buti zilizopigwa kiraka ni Breki, jina lake la kanisani bai Stamen, yaani mzee Stamen, aliyeendesha tramu mpaka akastaafu na hajawahi kukubali kwamba kuna mtu mwingine anaweza kuwa sahihi. Viatu vyekundu vya kisigino ni lelya Tsonka, shangazi wa mtaa, tunamwita Minong'ono. Kazi yake ilikuwa kukaa shimoni chini ya jukwaa la tamthilia na kuwanong'oneza waigizaji maneno waliyoyasahau. Sasa kastaafu, na anaongea kama anauza samaki. Raba zenye tope ni za Yavor, yaani Kidole, mwanamume mzima anayepeleka vyakula kwa baiskeli, na akitoka hapo yuko kwenye mchezo wa kompyuta mpaka macho yamvimbe. Mimi wananiita Panya, maana natokea shimoni. Basi Jumamosi moja ya Aprili nilikuwa nimepanda juu na vikombe vya kahawa, tunatafuna mbegu za alizeti, akaja Vesela wa ghorofa ya nne na kompyuta kwapani. Hakutusalimu. Akajipenyeza katikati ya benchi.

Vesela: Nisaidieni. Mtu anakuwaje mungu?

Breki: Mtu gani?

Vesela: Mfalme.

Breki: Wa wapi? Sisi wa kwetu tulimfukuza, akarudi na suti akawa waziri mkuu.

Vesela: Mfalme Ardomir.

Kidole kahawa ikampalia. Nikampiga mgongoni mpaka akakaa sawa.

Kidole: Wanamfanya mungu? Ardomir wetu? Usinitanie, Vesela!

Hapo ilibidi Breki aelezwe, maana yeye mchezo anaoujua ni tavla ya kete na dadu peke yake. Vesela ndiye mwandishi wa hadithi za mchezo uitwao Taji la Majivu. Kampuni moja ya hapa hapa mjini inautengeneza, na watu wanaucheza mpaka Brazili. Ardomir ni mtoto wa kalamu yake. Mwanzoni alikuwa mfuga nyuki wa bondeni, mtu wa kawaida mwenye mikono iliyovimba. Adui alipokuja kuugeuza mto ili bonde life kiu, majirani walimchagua Ardomir awaongoze, kwa sababu ndiye pekee asiyetaka. Akashinda. Wakamvika taji. Wachezaji wakampenda mfalme huyo kuliko watu wengine wanavyowapenda wajomba zao.

Vesela: Bosi anataka sura mpya ya hadithi. Hekalu, radi, mwanga wa dhahabu. Jumapili ijayo mchana, wachezaji wote duniani wataingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Watapiga magoti, Ardomir atakuwa mungu, na kila aliyepiga atapewa panga la dhahabu.

Kidole: Lile linalopasua miamba?

Vesela: Lenyewe.

Kidole: Basi mimi napiga. Napiga hata sasa hivi, hapa hapa kwenye maganda ya alizeti. Wahenga walisema, mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Minong'ono: Hiyo ni methali ya duka la Panya, si ya ibada!

Mimi: Na kweli. Mimi napigiwa magoti toka asubuhi, mbona bado mke wangu ananituma viazi?

Vesela: Nacheka lakini sichekelei. Bosi anataka kurasa zake. Niambieni tu, mtu anafikaje huko?

Kidole: Kwenye michezo inajulikana. Kwanza, unamtafuta mungu mzee anayekaribia kufa. Unamuua. Unakula moyo wake.

Minong'ono: Wa kuchemsha au wa kuchoma?

Kidole: Mbichi, lelya.

Breki: Moyo mbichi unakupa minyoo, haukupi uungu. Endelea.

Kidole: Kama hutaki moyo, kuna maombi. Kila anayekuomba anakuchaji kidogo, kama betri. Mmoja leo, elfu kesho. Haba na haba hujaza kibaba. Siku ukijaa, unawaka.

Breki: Acha kamba! Kwa hiyo yule mwimbaji wa muziki wa chalga anayepiga kwenye harusi zote za mtaa naye mungu? Watu wanamlilia, wanamrushia maua, wanamvunjia sahani.

Kidole: Yule kachajiwa nusu.

Breki: Mnanichosha. Mnaongea miungu ya kusikia. Mimi nimemwona mungu kwa macho yangu haya.

Minong'ono: Haya, tramu imetoka kituoni.

Breki: Nimemwona! Pale katikati ya mji, kwenye lile jumba jeupe. Kiongozi alikufa kama mtu mwingine yeyote, kwa ugonjwa. Wakamkausha, wakamvalisha suti, wakamlaza ndani ya kioo. Tulipangwa foleni toka shuleni, skafu nyekundu shingoni, marufuku kukohoa. Mimi nilikuwa na mafua. Nilimeza kikohozi kile mpaka machozi yakanitoka, mwalimu akaniandika kwamba nimeguswa sana. Huyo ndiye mungu, jamani. Mungu ni dawa ya kukaushia, kioo, na watoto wanaozuiwa kukohoa.

Kidole: Sasa mbona hayupo?

Breki: Mambo yalipogeuka walimtoa, wakaenda kumzika. Jumba nalo wakaliwekea baruti. Mlipuko wa kwanza, puu! Vumbi lilipotulia, jumba limeinama kidogo tu, limesimama. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Minong'ono: Hiyo methali imeingiaje hapo, wewe mzee?

Breki: Jumba lilikataa kuvunjika guu. Fikiria tu.

Tukafikiria. Haikusaidia. Vesela alikuwa hata hagusi kahawa yake.

Minong'ono: Mimi wafalme nawajua kwa chini. Nimewaona wote, mpaka soksi zao zilizotoboka. Mfalme anaunguruma pale juu, anaamuru watu wakatwe vichwa, halafu ghafla kasahau. Anatazama shimoni kwangu, macho kama ndama. Namnong'oneza neno, anaendelea kuunguruma. Huyo bado ni mtu. Sasa kulikuwa na mmoja, simtaji jina, alipendwa sana mjini. Siku moja kasahau, na hakutazama shimoni. Kasema upuuzi wowote uliomjia. Watu wakasimama, wakapiga makofi. Toka siku hiyo hakunitazama tena. Uungu unaingia hapo, mwanangu. Si kwenye moyo mbichi.

Breki: Yaani mungu ni tramu iliyokatika breki, na abiria wanashangilia kwa sababu inakwenda kasi.

Minong'ono: Leo umesema neno. Andika tarehe, Panya.

Vesela: Hivyo ndivyo ninavyomwona na mimi. Siku atakapokosa wa kumwambia hapana, ndipo atakapokuwa mungu. Na siku hiyo mfuga nyuki wangu kafa. Wanataka nimuue, halafu nimwekee mwanga wa dhahabu juu ili maiti isionekane.

Kidole: Si ukatae?

Vesela: Nikikataa wataandika mwingine. Wapo watatu wanasubiri kiti changu. Watampa moyo mbichi.

Simu yake ikaita. Alikuwa ndiye bosi, Krasimir. Vesela akaiweka sauti ya wazi, akaiegesha juu ya kikombe chake, na sisi wote tukaacha kutafuna.

Krasimir: Kurasa zangu ziko wapi?

Vesela: Nina swali dogo. Hayo magoti, mchezo wenyewe unawapigisha watu kwa nguvu?

Krasimir: Ndiyo. Kwani vipi?

Vesela: Haina utamu. Tuweke kitufe. Kila mtu abonyeze mwenyewe. Na uungu umshukie Ardomir pale tu umati utakapokuwa chini wote. Wakisimama, haumshukii.

Krasimir: Nani atasimama akose panga la dhahabu? Usinifanyie falsafa. Watu wanapenda kuinama mbele ya kitu kikubwa, ndivyo walivyoumbwa. Weka kitufe, sawa, watajiona wamechagua.

Vesela: Na nataka kuwe na bibi mmoja mbele ya umati. Jirani yake wa zamani. Aseme maneno mawili.

Krasimir: Weka bibi, weka na mbuzi. Mimi nataka radi.

Akakata. Breki akatema ganda la alizeti mbali kuliko nilivyowahi kumwona akitema.

Breki: "Ndivyo walivyoumbwa"! Aje hapa aniambie mimi nilivyoumbwa!

Kidole: Huyo bibi atasema nini?

Vesela: Hapana.

Kidole: Husemi, au ndivyo atakavyosema?

Vesela: Ndivyo atakavyosema. Na sauti yake ninayo. Imekaa hapa inatafuna alizeti.

Alikuwa anamtazama Minong'ono. Sasa mjue kwamba huyu mama mtaa mzima unamsikia akiulizia bei ya nyanya. Lakini pale alikunja mikono mapajani, na sauti yake ikashuka mpaka sikuijua.

Minong'ono: Mimi siwezi.

Breki: Wewe? Wewe unayenitukana mpaka njiwa wanaruka?

Minong'ono: Kukutukana wewe si kazi. Maisha yangu yote ya kazi sijawahi kusema neno langu mbele za watu. Nilikuwa nawapa wengine maneno. Makofi yakipigwa, mimi nafunga kitabu shimoni na kutokea mlango wa nyuma. Tafuta mwigizaji, Vesela.

Vesela: Waigizaji watalisema vizuri. Mimi sitaki lisemwe vizuri.

Minong'ono akainuka. Alikwenda zake bila kumaliza kahawa, visigino vikigonga lami. Tukadhani basi. Lakini Jumanne nikiwa ndani napanga chupa, viatu vyekundu vikasimama dirishani. Havikuchuchumaa.

Minong'ono: Panya! Friji lako hilo linalonguruma, linazimika?

Nikalizima. Tulirekodi humo humo ghalani, kati ya magunia ya viazi na makreti ya bia, kwa sababu hapo ndipo penye kimya mtaa mzima. Vesela alimshikia kipaza sauti. Kidole alikaa kwenye kreti, na Breki aliwekwa mlangoni ili asitoe maoni. Minong'ono akavuta pumzi, akasema neno lake kwa mnong'ono laini usiotikisa hata utando wa buibui.

Vesela: Lelya, usinong'one.

Minong'ono: Sinong'oni.

Vesela: Unanong'ona.

Akajaribu tena. Mnong'ono. Akajaribu huku amesimama, akajaribu huku amefumba macho. Jasho likamtoka kwenye mdomo wa juu. Mara akageuka, akatazama chini karibu na miguu yake, sakafuni pale, kama mtu aliyeangusha ufunguo.

Minong'ono: Nani ananipa neno?

Vesela: Hakuna, lelya. Ni lako.

Mama yule akaacha kutazama sakafu. Halafu akainua uso, na neno likamtoka. Sitaweza kuwaandikia lilivyokuwa. Halikuwa kelele za nyanya wala mnong'ono wa shimoni. Chupa zangu zililia kwenye makreti. Kule mlangoni Breki alivua kofia, na Breki hata kanisani huwa anabishana kwanza.

Jumapili ikafika. Nililifunga duka, jambo nisilolifanya hata Pasaka. Kidole aliweka kompyuta yake juu ya kreti mbele ya benchi, sisi tukabanana nyuma yake, Vesela akiwa amesimama kwa sababu miguu ilikataa kukaa. Kwenye kioo palikuwa na uwanja mpana wa mawe, na watu wamejaa mpaka juu ya kuta. Kila mmoja wao alikuwa mtu halisi mahali fulani duniani. Kulikuwa na askari wa deraya, wachawi wa ndevu ndefu, na mmoja aliyevaa kichwa cha kuku. Mtu wa Kidole alikuwa askari mfupi mwenye joho jekundu, safu ya tatu.

Breki: Yule wa kuku ni nani?

Kidole: Namjua. Fundi bomba wa Ureno. Mpiganaji hatari sana.

Radi ikapiga. Milango ya hekalu ikafunguka, na Ardomir akatoka juu ya ngazi. Nilikuwa sijamwona kabla ya siku ile. Nilitegemea jitu. Ni mtu wa makamo tu, mabega yamelegea, taji linamkaa vibaya. Mwanga wa dhahabu ukaanza kumzunguka kama asali inayomiminwa. Tarumbeta zikalia, na sauti nzito ikaamuru watu wapige magoti. Kitufe kikatokea chini ya kioo.

Safu ya mbele ikashuka. Ya pili ikashuka. Wimbi likaenda mpaka kwenye kuta, na kila aliyeshuka panga la dhahabu likamwakia mkononi. Fundi bomba naye chini, kuku na yote. Kidole alikuwa na kidole juu ya kitufe.

Kidole: Nimelisubiri panga hili mwaka mzima.

Breki: Bonyeza kama unataka, mwanangu. Hatutakuhukumu.

Minong'ono: Mimi nitakuhukumu.

Ndipo mbele ya umati akasimama bibi mwenye kitambaa cha kichwa na ndoo ya mbao mkononi. Tarumbeta zikanyamaza. Na sauti iliyorekodiwa kati ya viazi vyangu ikaenda duniani.

"Hapana. Mimi sipigi. Ardomir, nilikuosha ukiwa mchanga, nilikutoa miiba ya nyuki kwenye kope. Shuka hapa chini tuongee."

Pembeni yangu lelya Tsonka alikuwa amenishika mkono mpaka kucha zikaingia. Midomo yake haikutikisika hata kidogo.

Kidole akakitoa kidole. Akaukalia mkono mzima, akaubana chini ya paja. Askari wake mfupi akabaki wima kati ya migongo iliyoinama, joho jekundu peke yake. Nawaambia ukweli, niliogopa. Mambo ya kwenye kioo, ya mchezo, na bado niliona kama nimesimama mimi pale.

Breki: Watakupiga, toto.

Kidole: Wapige.

Hakupigwa. Muda ukapita, mrefu. Halafu kichwa cha kuku kikainuka. Fundi bomba wa Ureno akasimama, na panga la dhahabu likamyeyuka mkononi kama barafu. Hakuliangalia. Kushoto akainuka mchawi. Nyuma yake wakainuka wawili, wakainuka kumi, kisha sikuweza tena kufuata, maana uwanja mzima ulikuwa unapanda kama unga wenye hamira, na mapanga yanazimika, yanazimika. Breki alikuwa amesimama pia. Sidhani kama alijua.

Breki: Simameni! Simameni, wana wa watu! Kohoeni mkitaka!

Mwanga uliomzunguka Ardomir ukafifia. Ukakatika. Radi ikaacha. Juu ya ngazi akabaki mtu wa makamo mwenye taji, anapumua, anautazama umati, na mchezo haukuendelea mbele, kwa sababu kule kwenye kampuni hakuna aliyekuwa ametengeneza kitu cha kuja baada ya hapo.

Tulipiga kelele mpaka wenye maduka ya soko wakatoka nje. Minong'ono alimbusu Kidole juu ya nywele. Simu ikaita, Vesela akaiweka tena sauti ya wazi.

Krasimir: Umeniharibia mungu!

Vesela: Hakuwa mungu bado.

Krasimir: Kurasa zilikuwa za kumwinua!

Vesela: Kurasa ulizisoma mwenyewe, kitufe ulikikubali mwenyewe. Mimi nimewauliza watu. Wamejibu.

Krasimir: Kesho usije kazini. Wala keshokutwa.

Vesela akafumba macho. Kazi ile aliipenda, sote tulijua. Kodi ya nyumba pia ilikuwa inaipenda.

Vesela: Sawa.

Krasimir: Na Jumapili ijayo tutarudia, bila kitufe na bila bibi. Magoti yatajipiga yenyewe, na Ardomir atakuwa mungu wapende wasipende!

Hapo Kidole akainyakua simu.

Kidole: Bosi, hunijui, mimi ni mteja wako. Sikiliza. Magoti yanayojipiga si magoti, ni bawaba. Ukitukunja kwa nguvu tutatoka uwanjani wote, mimi na yule wa Ureno na kila uliyemwona akisimama leo. Utabaki na mungu wako kwenye mawe matupu, mpigiane magoti wenyewe wawili.

Krasimir: Wewe ni nani?

Kidole: Joho jekundu, safu ya tatu. Nimekosa panga lako, na njaa sijaisikia.

Akamkatia yeye, badala ya kukatiwa. Halafu akamrudishia Vesela simu kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Vesela alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na lelya Tsonka anampangusa uso kwa leso aliyofungia banitsa, andazi lake la jibini, kwa hiyo vipande vya jibini vikabaki shavuni.

Breki: Utakula wapi sasa?

Vesela: Sijui, bai Stamen.

Breki: Utakula hapa. Na wakikuuliza kazi yako nini, waambie unazuia miungu. Akiba haiozi.

Minong'ono: Akiba imeingiaje hapo?

Breki: Nimefurahi, mwanamke! Acha niseme vibaya!

Ndipo tukaona kwamba tuna mtu nyuma yetu. Ni mwanamke aliyehamia jengo la pili wiki ile, amekumbatia taa ya mezani iliyofungwa magazeti. Alikuwa amesimama hapo muda, nafikiri tangu tarumbeta, na hakuna aliyemkaribisha.

Mgeni: Samahani, jirani zangu. Mimi michezo hii siijui, na habari zenu nimeshika nusunusu. Huyo bwana hapo.

Akaelekeza kidevu kwenye kompyuta. Ardomir alikuwa bado pale juu ya ngazi. Anapumua, anatazama.

Mgeni: Amesikitika, au ameshukuru?

Kidole alifungua mdomo, kwa sababu yeye kila sheria ya mchezo anaijua. Akaufunga. Nilimgeukia Breki, ambaye kwa kila jambo chini ya jua ana nadharia mbili na ya akiba. Alikuwa anakuna kidevu. Minong'ono akamtazama Vesela, na sisi sote tukamtazama Vesela, maana yeye ndiye aliyempa mtu yule mikono, nyuki, mto na taji. Vesela akachuchumaa mbele ya kreti. Akausogeza uso karibu na kioo, karibu kabisa, akamchungulia mfalme wake machoni.

"Sijui," akasema. "Tulivyobishana wiki nzima, sikumuuliza."

Breki akajisogeza, mimi nikajisogeza, nafasi ikapatikana, na mgeni akakaa na taa yake mapajani, akatazama pamoja nasi.